Ditekta ipi kwa timu ya ukaguzi wa nyuklia: iodidi ya sodiamu, gerimani au CZT?

Ukikabidhiwa timu ya kupima mionzi katika maabara ya ukaguzi wa nyuklia, faili la kwanza kufika mezani huwa la ununuzi. Bajeti ya mwaka inatosha aina moja ya ditekta ya gama, yaani kifaa cha kunasa na kupima mionzi ya gama, labda moja na nusu, na kila mtu kwenye timu ana chaguo lake. Fundi anataka isiyomsumbua. Mchambuzi wa spektra anataka yenye vilele vyembamba. Anayetumwa uwandani anataka inayoingia kwenye begi la mgongoni. Wote wana hoja.

Zinazogombaniwa kwa kawaida ni tatu: iodidi ya sodiamu, gerimani, na kadimi-zinki-teluridi, ambayo watu huiita CZT tu. Katalogi za watengenezaji zitakuonyesha ipi ina namba nzuri. Hazitakuambia kwamba ditekta ndiyo itakayoamua umwajiri nani, kazi ya asubuhi ianze saa ngapi, foleni ya sampuli iwe ndefu kiasi gani, na siku matokeo yako yakipingwa uwe na nini mkononi. Hapa nazilinganisha kwa jicho hilo la kiongozi wa timu.

## Kazi yenyewe

Chini ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, unaofanya kazi tangu 1970, nchi zisizo na silaha hizo hutangaza urani na plutoni zilizo nazo, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) huhakiki tangazo hilo. Kiasi kinachowanyima usingizi wakaguzi ni kidogo kuliko watu wengi wanavyofikiri: kilo 8 za plutoni, au kilo 25 za urani-235 zilizomo ndani ya urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235, hadi asilimia 20 au zaidi. Sampuli nyingi huishia Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna, ambako ziko maabara za IAEA zenyewe, au kwenye maabara za nchi wanachama zinazoshirikiana nazo.

Kupima kuna njia mbili. Unaweza kuyeyusha sampuli na kuichambua kikemia, au unaweza kusoma mionzi inayoitoa bila kuigusa. Makala hii ni ya njia ya pili, tena upande wa gama peke yake. Nyutroni zina vifaa vyake na matatizo yake.

Gama inasaidia kwa sababu kila isotopu, yaani kila aina ya atomi za elementi moja kulingana na uzito wake, hutoa gama yenye nishati yake. Urani-235 inajulikana kwa 185.7 keV (kilo-elektroni-volti, kipimo cha nishati). Urani-238 yenyewe haina gama ya kutegemewa, lakini mtoto wake, yaani isotopu inayozaliwa urani hiyo ikioza, protaktini-234m, hutoa ya 1001 keV. Plutoni-239 ina ya 413.7 keV. Sesiamu-137, inayojaa kwenye fueli iliyokwisha kutumika, ina ya 662 keV. Ditekta hupokea gama hizi na kuchora spektra: mstari wenye vilele, kila kilele mahali pa nishati yake. Ugomvi wote wa ditekta tatu unahusu vilele hivyo ni vyembamba kiasi gani, na unalipa nini ili uvipate vyembamba.

## Vigezo

Natumia vitano, na kila ditekta itapita kwenye vyote.

Cha kwanza ni jibu: inaweza kujibu swali gani, na kwa ukali gani? Cha pili ni mahali: mezani, ghalani penye joto, kando ya bwawa la fueli? Cha tatu ni watu, yaani mtu wa aina gani anaweza kuitumia na inachukua muda gani kumfundisha. Cha nne ni matunzo, nikijumlisha bei, vipuri na mambo ya kila siku. Cha tano ni siku ya ubishi: matokeo yakikataliwa na mwenye kiwanda, una nini cha kumwonyesha?

Ukinilazimisha kuvipanga, kigezo cha tatu nitakipandisha juu kuliko wanavyofanya wengi. Timu inayohama watu kila baada ya miaka miwili haiwezi kuishi na kifaa kinachohitaji mzoefu wa miaka mitano.

## Iodidi ya sodiamu

Hii ndiyo kongwe. Robert Hofstadter alionyesha mwaka 1948 kwamba fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa metali ya thali (thallium) kidogo hutoa mmweko wa mwanga kila gama inapoipiga. Nyuma ya fuwele kuna mrija unaokuza mmweko huo kuwa ishara ya umeme. Hakuna kupoza, hakuna kusubiri.

Jibu. Vilele vyake ni vinene. Kwenye 662 keV unene ni kama asilimia 7, yaani keV 46 hivi. Ukishuka hadi eneo la urani-235, kilele cha 185.7 kinameza majirani zake wa 163 na 205 keV, unabaki na kilima kimoja. Kwa kazi moja mahsusi, kilima hicho kinatosha kabisa, nayo ni kupima urutubishaji wa urani kwenye chombo kilichojaa.

Inafaa kueleza kwa nini, maana ndiyo kazi inayofanywa sana. Urani ni nzito kiasi kwamba gama ya 185.7 keV haisafiri mbali ndani yake. Kwenye metali ya urani, karibu gama zote zinazofika nje zimetoka kwenye milimita tatu za juu. Kwenye heksafloridi ya urani, mchanganyiko wa urani na florini, ni sentimita moja na nusu. Ukiielekeza ditekta kwenye chombo kupitia tundu kwenye kinga ya metali ya risasi, unaona tabaka hilo la juu tu, na idadi ya gama unazohesabu hupanda sambamba na sehemu ya urani-235. Chombo kiwe na kilo mbili au tani mbili, hesabu haibadiliki. Kilo utazijua kwa mizani.

Mahali. Popote pakavu. Ndiyo inayokaa ndani ya vifaa vingi vya mkononi vya wakaguzi na vya maofisa wa mipakani. Adui yake ni joto linalobadilika. Ukitoka nayo kwenye ofisi yenye kiyoyozi ukaingia ghala la mabati saa saba mchana, ukuzaji wa mrija unahama, na kilele kilichokuwa 186 kinasogea bila kukuaga. Dawa ni kukagua kwa chanzo kidogo cha sesiamu kabla na baada ya kila kipimo, au kuangalia kilele cha potasiamu-40 kwenye 1460.8 keV, ambacho kipo karibu kila mahali kwa sababu potasiamu imo kwenye saruji, matofali na miili yetu.

Watu. Fundi makini ataanza kutoa vipimo vya kuaminika baada ya wiki chache. Utaratibu ni mfupi: kagua nishati, pima kopo la rejea (kopo la urani ambalo urutubishaji wake unajulikana), pima chombo, pima unene wa ukuta, andika. Kwa timu changa au inayobadilika kila mara, hii ni faida ambayo huwezi kuinunua kwingine.

Matunzo. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine kwa kila sentimita ya ujazo. Fuwele hunyonya unyevu, kwa hiyo muhuri wake ukipasuka rangi inageuka manjano na uwezo unashuka. Ukiiangusha kwenye sakafu ya saruji, andaa barua ya kuagiza nyingine. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, ningeihifadhi kwenye sanduku lenye vifuko vya kukausha hata kama mtengenezaji amesema muhuri unatosha.

Siku ya ubishi. Hapa inalegea. Mfano mzuri ni urani iliyotoka kwenye fueli iliyochakatwa upya. Ina chembe za urani-232, na uzao wake, isotopu ya risasi-212, hutoa gama ya 238.6 keV inayopanda juu ya kilima chako na kukiinua. Iodidi ya sodiamu inaweza kukupa jibu safi, lenye makosa madogo ya kihesabu, ambalo si la kweli, na spektra yenyewe isikuonyeshe kwa urahisi kuwa kuna tatizo. Kwa plutoni ni dhaifu zaidi: itakuambia ipo, haitakuambia mchanganyiko wa isotopu zake.

Inamfaa kiongozi mwenye vyombo vingi vya aina moja, vinavyojulikana, na watu wa kuvizungukia. Inafaa pia pale swali linapokuwa "hiki ni nini?" badala ya "ni kiasi gani?". Mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata fimbo ya fueli iliyokuwa imeibwa kutoka kinu cha utafiti cha Kinshasa. Kwa ofisa wa forodha anayekutana na bomba la chuma lisiloeleweka, kifaa cha mkononi chenye iodidi ya sodiamu kinachoandika "urani" kwenye kioo kinamaliza sehemu ngumu ya kazi yake.

## Gerimani

Jibu. Hakuna inayoikaribia. Kwenye 662 keV unene wa kilele ni kama keV 1.3, dhidi ya 46 za mwenzake. Eneo lililokuwa kilima kimoja sasa lina vilele vinne vilivyosimama peke yao: 143.8, 163.4, 185.7 na 205.3. Ile 238.6 ya urani iliyochakatwa upya inaonekana pembeni, imejitenga, na huwezi kuichanganya na kitu kingine.

Utengano huo ndio uliowezesha programu zinazosoma isotopu bila kutegemea kopo la rejea linalofanana na chombo. MGA, iliyoandikwa Livermore, maabara ya taifa ya Marekani, inafungua msongamano wa vilele kati ya 94 na 104 keV na kutoa uwiano wa isotopu za plutoni. FRAM, ya Los Alamos, maabara nyingine ya Marekani, inafanya hivyo kwa plutoni na pia kwa urani, na inaweza kutumia vilele vya 120 hadi 1001 keV ukuta ukiwa mnene. Programu hizi hujijengea mkunjo wa ufanisi, yaani gama za kila nishati zinanaswa kwa kiasi gani, kutokana na vilele vya sampuli yenyewe, kwa hiyo huhitaji kuujua unene wa ukuta kwa usahihi.

Kuna sharti ambalo wageni hulisahau. Kutumia 1001 keV kama kielelezo cha urani-238 kunadhania kwamba urani-238 na watoto wake wako kwenye usawa, yaani watoto wanazaliwa kwa kasi ile ile wanayooza. Tori-234, mtoto anayetangulia protaktini hiyo, ina nusu uhai wa siku 24, yaani nusu yake huoza kwa muda huo. Urani iliyosafishwa kikemia mwezi uliopita haijafika kwenye usawa huo, na programu itakupa urutubishaji mkubwa kuliko ulivyo. Kiongozi anapaswa kuuliza tarehe ya kusafishwa kabla ya kuuliza jibu.

Mahali. Mezani ndipo nyumbani kwake. Gerimani inahitaji baridi kali, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, ama kwa nitrojeni ya kimiminika ama kwa mashine ya umeme. Za umeme zimeboreka sana na zinabebeka, lakini bado unasubiri saa kadhaa kabla ya kuanza, na mtikisiko wa mashine unaweza kunenepesha vilele. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, usiku umepotea.

Watu. Unahitaji angalau mtu mmoja anayeweza kukueleza kwa nini amekubali matokeo ya programu, na mtu wa pili anayeweza kumpinga. Programu inatoa namba hata spektra ikiwa mbaya. Nimeona timu zinazoajiri mchambuzi mmoja hodari na kumwachia kila kitu. Akiondoka, ditekta inabaki kuwa jokofu la gharama. Ukichagua gerimani, tenga bajeti ya watu wawili na utaratibu wa kusaini wa macho manne.

Matunzo. Mtungi wa lita 30 hujazwa mara moja kwa wiki hivi, na mtu wa kuujaza lazima awepo hata wiki ya sikukuu. Lita moja ya nitrojeni ikichemka inakuwa takriban lita 700 za gesi, inayofukuza oksijeni chumbani bila harufu yoyote. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni ukutani na mlango unaofunguka ni sehemu ya gharama ya ditekta, hata kama muuzaji hakuiandika. Afrika Mashariki nitrojeni ya kimiminika inajulikana zaidi na watu wa mifugo, wanaohifadhi nayo mbegu za ng'ombe. Ukiwa Arusha, ningekushauri uzungumze na watu wa kituo cha uhimilishaji cha Usa River kuhusu usambazaji wake kabla ya kuzungumza na mtengenezaji yeyote wa ditekta.

Bei ni ya juu, na ukarabati mara nyingi unamaanisha kuirudisha kiwandani ughaibuni, pamoja na makaratasi ya forodha ya kwenda na ya kurudi.

Siku ya ubishi. Ndipo inapojilipa. Unaweka spektra mezani, unaonyesha kilele kwa kilele, na mwenye kiwanda aliyekuja na hasira anaanza kuuliza maswali ya kitaalamu. Ukweli wake unasomeka kwa macho.

Inamfaa kiongozi wa maabara yenye umeme wa uhakika, sampuli za asili mchanganyiko, na hasa plutoni. Kwa maabara zinazofanya kazi zaidi ya ukaguzi wa nyuklia ina faida ya ziada: ditekta hiyo hiyo inapima sesiamu kwenye maziwa ya unga na elementi ya radi (radium) kwenye maji, kazi ambazo taasisi kama Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania huzifanya kila siku. Kifaa kinachotumika kila siku hakisahauliki namna ya kutumiwa.

## CZT

Jibu. Iko katikati. CZT hufanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba kwa sababu ya umbile lake la kielektroniki, na vilele vyake kwenye 662 keV huwa na unene wa asilimia 1 hadi 3 kutegemea aina. Kilele cha 185.7 kinajitenga vya kutosha. Vilele vyake, lakini, havina umbo linganifu: vina mkia upande wa nishati ndogo, kwa sababu nusu ya chaji inayozalishwa ndani ya fuwele husafiri vibaya. Programu iliyotengenezwa kwa gerimani ikilishwa spektra ya CZT bila kurekebishwa, itautafsiri mkia huo kama kitu ambacho hakipo.

Kikwazo kikubwa ni ukubwa. Fuwele ya iodidi ya sodiamu ya inchi 3 kwa inchi 3 ina sentimita za ujazo karibu 350. CZT ya milimita za ujazo 500, ambayo watu wa ukaguzi wangeiita kubwa, ni nusu ya sentimita moja ya ujazo. Hesabu ya gama hufuata kanuni isiyobembelezeka: ukihesabu 100, shaka yako ni asilimia 10, ukitaka asilimia 1, hesabu 10,000. Kwenye chombo chenye mionzi dhaifu, CZT itakuweka hapo mpaka chai ipoe na ipashwe moto tena.

Mahali. Sasa geuza hali hiyo. Nenda kando ya bwawa lenye fueli iliyotumika, ambako tatizo ni gama nyingi kupita kiasi. Iodidi ya sodiamu inafurika, gerimani inazidiwa na hailingani na mahali pale. CZT ndogo, yenye milimita za ujazo chache tu, ndani ya bomba lenye kinga, inateremshwa majini hadi karibu na kifungu cha fueli na kusoma 662 keV ya sesiamu-137 kwa utulivu. Kama fueli ilitoka kinuni si zamani, utaona pia sesiamu-134 kwenye 605 na 796 keV. Mkaguzi anayetaka kuthibitisha kwamba kile kilichoandikwa kuwa fueli iliyotumika si kipande cha chuma kilichowekwa kudanganya, hapo amepata jibu.

Ni nyepesi pia, na umeme wake ni wa waya wa kompyuta ya mkononi. Kwenye kona nyembamba za mabomba ya kiwanda, inaingia mahali ambapo nyingine haziwezi hata kutazama.

Watu. Kuitumia ni rahisi kama iodidi ya sodiamu, kuchambua data yake ni kugumu karibu kama gerimani. Hilo huwachanganya viongozi. Wanampa kijana mgeni kwa sababu kifaa ni kidogo, kisha wanashangaa namba zinavyoyumba. Mgeni anaweza kuibeba na kupima, lakini spektra zirudi kwa mtu anayejua mikia.

Matunzo. Karibu hakuna, zaidi ya kuilinda isianguke. Bei kwa kila sentimita ya ujazo ni kubwa kwa sababu fuwele nzuri ni vigumu kuzikuza. Fuwele mbili za aina moja huenda zisifanane tabia, kwa hiyo kila moja iwe na daftari lake na kalibresheni yake. Kuazimana kalibresheni kati ya ditekta mbili ni marufuku kwenye timu yangu ya kufikirika.

Siku ya ubishi. Inasimama vizuri kwa swali la ndiyo au hapana: fueli ipo, haipo. Kwa kiwango cha urutubishaji chenye tarakimu mbili baada ya nukta, mpinzani mwerevu atakuuliza kuhusu mkia, na itabidi uwe na majibu.

Inamfaa kiongozi ambaye timu yake inasafiri, inayofanya kazi kwenye vinu kuliko kwenye viwanda vya urani, na iliyo na mchambuzi ofisini.

## Makosa ambayo hakuna ditekta itakayokuokoa nayo

Ukuta wa chombo ni wa kwanza. Silinda ya aina ya 30B, inayobeba zaidi ya tani mbili za heksafloridi ya urani iliyorutubishwa kidogo, ina ukuta wa chuma wa milimita 12.7. Chuma hicho kinameza karibu gama nne kati ya kila tano za 185.7 keV kabla hazijakufikia. Ukipima kwa njia ya tabaka la juu na ukakosea unene kwa milimita moja, urutubishaji wako unapotoka kwa asilimia 12 hivi ya thamani yake. Silinda yenye asilimia 4.5 inasomeka kama 4 au 5. Ubora wa ditekta hauhusiki hapo. Kipimo cha ultrasoniki cha unene, ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya gerimani, kinakutengenezea zaidi, na kipande cha chuma cha kukikalibreshea kisipotee droo ya nani.

La pili linawahusu wanaoshughulika na mawe ya madini, kuanzia Mto Mkuju wilayani Namtumbo hadi Katanga, ambako mgodi wa Shinkolobwe ulitoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Mawe ya urani ambayo hayajachakatwa yana radi-226, na radi hiyo hutoa gama ya 186.2 keV. Tofauti yake na 185.7 ya urani-235 ni nusu keV. Hata gerimani kwa kawaida haivitenganishi. Fundi anayepima mawe kwa kilele hicho atasoma urani-235 nyingi kuliko iliyopo na anaweza kuzua taharuki bure. Hakikisha wanaangalia pia vilele vya uzao wa radi, 352 na 609 keV: vikiwa vimesimama wima, kilele cha 186 hakiaminiki peke yake, na urani isomwe kwa 1001 au kwa 143.8.

Kuna wanaouliza kuhusu lanthanamu bromidi, fuwele nyingine inayotoa mmweko. Ni nzuri, unene wake ni kama asilimia 3 kwenye 662 keV bila kupozwa, na inapatikana kwa ukubwa wa kutosha. Ila lanthanamu ina isotopu yake yenye mionzi, lanthanamu-138, inayoweka kilele karibu kabisa na kile cha potasiamu-40. Kwa urani haikusumbui sana. Naiona kama iodidi ya sodiamu iliyosoma zaidi, na maamuzi yake yanafanana.

## Kulingana na hali yako

Kama kazi kubwa ni silinda na makopo ya urani katika kiwanda kimoja kinachojulikana, na watu wako hubadilika mara kwa mara, iodidi ya sodiamu itakupa vipimo vingi kwa siku bila drama. Weka gerimani moja ya kuazima au ya kushirikiana na maabara nyingine kwa zile silinda zinazotia shaka, hasa urani ikiwa imechakatwa upya.

Kama plutoni ipo kwenye orodha yako, hata gramu chache, gerimani haina mbadala wa kweli. Nunua hiyo, na upunguze idadi ya vifaa vingine vyote ili uajiri mchambuzi wa pili.

Kama unapima fueli iliyotumika kwenye mabwawa, CZT ndogo mbili ni bora kuliko CZT kubwa moja, maana moja ikipata hitilafu safarini huwezi kurudi nyumbani kuileta nyingine.

Kama wewe ni taasisi ya kitaifa isiyo na kinu wala kiwanda, inayosimamia vyanzo vya hospitali, madini ya mgodini, chakula cha bandarini na mara chache sana kitu kilichokamatwa na polisi, gerimani moja maabarani na vifaa vya mkononi vya iodidi ya sodiamu mipakani vinakwenda vizuri pamoja. Wa mpakani anauliza "ni nini?", wa maabara anajibu "ni kiasi gani?".

Kama umeme wako hukatika na nitrojeni inatoka mji mwingine, usinunue gerimani kwa matumaini kwamba hali itabadilika. Nunua unachoweza kukiendesha mwaka huu, na sampuli ngumu zipelekwe mahali penye uwezo.

Na kama bajeti ni ile ya moja na nusu, nusu hiyo usiitumie kwa ditekta ya pili. Itumie kwa makopo ya rejea. Seti inayotumika sana kwa urani ina makopo matano ya oksaidi yenye urutubishaji wa asilimia 0.31, 0.71, 1.94, 2.95 na 4.46, na inafaa kwa ditekta zote tatu. Ianze kuagizwa wiki hii, kwa sababu vibali vya kusafirisha urani kuvuka mpaka huweza kuchukua muda mrefu kuliko kutengenezwa kwa ditekta yenyewe.